Mdai Aliyekuja na Mdaiwa Wake

Nimeandika kwa mkono wangu mashauri ya madai zaidi ya elfu moja, na ukinisimamisha njiani ukaniuliza yalihusu nini, nitakutajia labda kumi. Mipaka ya mashamba, mahari, ng'ombe waliokula mpunga wa watu. Moja tu ndilo ninalolijua kwa moyo, nalo ni la Melkior wa Kakese, mtu aliyekuwa na rafiki mmoja duniani akaja ofisini kwangu kumfungulia kesi. Ningeweza kumzuia. Sikumzuia, kwa sababu nilikuwa kijana, nilikuwa na muhuri mpya, na nilikuwa mjinga.

Ilikuwa mwaka 1976, nami nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo pale Mpanda. Nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya wiki sita Tabora, na kila aliyeingia ofisini nilimfundisha nilichofundishwa, atake asitake. Shauri la madai, niliwaambia watu, halianzi mnapogombana. Mnaweza kugombana miaka ishirini na serikali isijue. Linaanza mdai anapokuja mwenyewe mbele ya karani, akaeleza kwa mdomo au kwa karatasi anamdai nani, anamdai nini, jambo lilitokea wapi na lini. Karani anaandika, anamsomea, mdai anatia sahihi au dole gumba, analipa ada, anapewa stakabadhi, na shauri linapata namba kwenye daftari. Kisha inaandikwa samansi, nakala mbili, na tarishi anampelekea mdaiwa. Hapo ndipo kuna kesi. Kabla ya hapo ni kelele tu. Nililipenda sana hilo neno, kelele, na nililitamka nikiwa nimevua miwani.

Melkior alikuwa Mpimbwe wa miaka hamsini hivi, mfupi, mpana, shingo imezama mabegani. Ujana wake aliutumia kuchimba madini ya risasi mgodini Mpanda, na mgodi ulipofungwa hakurudi kwao Mamba. Alimchukua mama yake wakaenda kulima mpunga Kakese. Hakuwa na ndugu wa tumbo moja. Yeye na mke wake Marsela hawakujaliwa mtoto. Kanisani alikaa benchi la tatu, alitoa sadaka bila kutazama pembeni, na hata watu waliomzidi umri walimwita mzee Melkior. Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake. Kila mtu alimheshimu, na mtu anayeheshimiwa na kijiji kizima hana wa kuongea naye.

Isipokuwa Telesphor. Telesphor alikuwa mtani wake. Koo zao zilitaniana tangu mababu, na wao wawili walijuana mgodini, siku Telesphor alipomwuliza jina la ukoo wake, akalisikia, akamnyang'anya sahani ya ugali akala mpaka mwisho. Tangu siku hiyo, robo ya karne, hawakuwahi kusalimiana kama watu wengine. Telesphor alimwita Kisiki. Kila asubuhi aliingia nyumbani kwa Melkior bila hodi, akamwuliza Marsela kama Kisiki bado anapumua, akanywa uji wa Kisiki, akaukashifu kwamba hauna chumvi, akaenda zake. Siku asipopita, Melkior hakwenda shambani. Alikaa nje akitazama njia na kusingizia mgongo.

Sasa mlango. Watu walipohamishiwa kwenye kijiji kipya, Melkior alibomoa nyumba yake ya zamani akaondoka na kitu kimoja cha maana, mlango wa mninga aliouchonga mwenyewe. Aliubeba kichwani maili sita. Mwaka uliofuata mama yake akafariki. Watani walikuja kama ilivyo desturi. Walichimba kaburi, wakateka maji, wakamwigiza marehemu alivyokuwa akiwafukuza kuku kwa fimbo, mpaka wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Na kama ilivyo desturi, mtani ana haki ya kushika kitu cha mfiwa akakaa nacho mpaka kikombolewe kwa jogoo. Wengine hushika sufuria, wengine kiti. Telesphor aliung'oa mlango na bawaba zake, akaondoka nao mgongoni.

Siku ya kuondoa matanga Melkior alimpelekea jogoo. Telesphor alimtazama yule jogoo kwa makini, akasema ana huzuni kuliko wafiwa, yeye hawezi kula jogoo aliyefiwa. Wiki iliyofuata akaja wa pili. Telesphor akasema huyu anafanana na Kisiki shingoni, akimla ataota vibaya. Wa tatu Melkior alimnunua kwa jirani wa Moraviani, na Telesphor akasema yeye Mkatoliki hapokei jogoo asiyejua alibatizwa wapi. Melkior akakasirika, au akajifanya kukasirika, maana kwa watani wale hata mimi sikuweza kutofautisha. Akasema haleti tena hata unyoya. Telesphor akasema na mlango haurudi hata msumari. Mchezo huo uliwanogea miezi minane, na katika miezi hiyo Melkior hakupata nafasi ya kukaa peke yake na kumlilia mama yake. Nadhani Telesphor alikusudia hivyo hivyo.

Aliyeumia ni Marsela. Alilala nyuma ya mkeka ulioning'inizwa. Mbuzi wa jirani waliingia na kutoka, kuku wa kijiji kizima walitaga chini ya kitanda chake, na alfajiri moja fisi aliingiza kichwa, akatazama ndani, akaondoka, jambo ambalo Telesphor alilieleza kila mahali kuwa fisi naye amekinai. Marsela hakucheka. Alisema mpunga ukishavunwa, nyumba ikiwa bado haina mlango, yeye anakwenda kwa kaka zake Usevya.

Melkior akamfikishia Telesphor habari hiyo. "Basi nishitaki, Kisiki," Telesphor akasema. Melkior akajibu kwamba atamshitaki kweli.

Wakaja Mpanda kwa baiskeli moja. Mdaiwa ndiye aliyekanyaga pedali, mdai akakaa nyuma kwenye keria ameshika chupa ya chai. Huwezi kumwacha mtani wako aende peke yake kwenye jambo zito, na kushitaki ni jambo zito, kwa hiyo Telesphor alimsindikiza.

"Nimekuja kufungua kesi," Melkior aliniambia baada ya salamu.

"Dhidi ya nani?"

"Huyu hapa."

Nilimtazama huyo aliyeonyeshwa. Mtu mrefu, mwembamba, kofia ya ukindu, amekaa kwenye benchi la ofisi yangu anamenya karanga.

"Mzee, wewe ndiye mdaiwa?"

"Ndiye mimi, bwana karani. Nimemleta. Angekuja mwenyewe angepotea. Hajui mahakama iko wapi. Hajui vitu vingi."

"Mdaiwa hafiki mahakamani mpaka aitwe," nilimwambia. "Wewe hujaitwa. Kwa hiyo kisheria hupo hapa."

Telesphor alijipapasa magoti yote mawili. "Kisiki, umesikia? Kumbe sipo. Nani amekuja na baiskeli, sasa?"

Nikamtoa nje. Alikwenda kukaa chini ya dirisha, mahali ambapo sheria haikunipa uwezo wa kumfukuza, na nikaanza kuandika. Jina la mdai, umri, kazi, makazi. Jina la mdaiwa. Melkior alijua jina la ukoo wa Telesphor na majina ya babu zake wanne, lakini jina la baba yake alilijua kwa tusi tu, na tusi hilo siwezi kuliandika popote. Jina halisi lilitajwa kutoka dirishani.

"Mlango una urefu gani?" nikauliza.

Melkior akanyoosha mkono juu ya kichwa chake. Nikamwambia mahakama haipimi kwa mkono wa mtu.

"Futi sita na inchi moja," sauti ikasema nje. "Naulalia, najua."

Nilisema sikusikia kitu, kwa kuwa aliyesema hayupo. Halafu nikaandika futi sita na inchi moja.

Kulikuwa na swali moja ambalo halikuwamo kwenye fomu, lakini nililiuliza. "Mzee Melkior, wewe ni fundi. Kwa nini usichonge mlango mwingine?"

Alinitazama kama nimemwambia ale sabuni. "Nikichonga mwingine, yeye atabaki na ule wa nini? Si itakuwa basi, imekwisha?"

Jibu lote la kesi ile lilikuwa hapo, nami nikaliruka kwa sababu halikuwa na mstari wake. Yule mzee hakutaka kushinda. Alitaka jogoo wa nne, na jogoo wa nne nilikuwa mimi.

Ada ilipohesabiwa ikapungua shilingi mbili. Mkono mrefu uliingia dirishani ukaziweka mezani. Nikaandika stakabadhi kwa jina la mdai peke yake, maana hakuna stakabadhi ya mtu asiyekuwepo.

Wakati huo aliingia mzee Makarius, mmoja wa wazee wawili wa baraza waliokaa na hakimu wetu kusikiliza mashauri. Alikuwa amekuja kuulizia siku ya kikao. Alimwona Telesphor nje na Melkior ndani, akasoma kidogo juu ya bega langu, akavuta kiti karibu.

"Mwanangu Anselmo," alisema, "hawa ni watani."

"Naandika shauri la mlango, mzee."

"Ukiliandika watakwenda mbele ya hakimu. Mbele ya hakimu wataapa, kila mmoja juu ya mwenzake. Huko Kakese watani wakishaapiana, utani umekufa. Mtu uliyemlia kiapo humtukani tena. Huli kwake bila kukaribishwa. Ni mtu baki. Waache wakagombane nyumbani."

Sijui kama ni hivyo kwa koo nyingine. Mimi ni Mfipa na sikuwahi kusikia. Lakini nakumbuka vizuri nilichomjibu, kwa sababu nimelirudia jibu hilo moyoni mara nyingi tangu siku ile. "Mzee Makarius, sheria haina utani."

Nikamsomea Melkior maelezo yake. Nikamfungulia kidau cha wino. Alichovya dole gumba, na hapo sauti ya dirishani, ambayo ilikuwa imenyamaza tangu Makarius aanze kusema, ikatoka ya chini na bila mzaha.

"Kisiki. Twende nyumbani. Nitampokea yule jogoo wa Moraviani."

Dole la Melkior lilikuwa hewani, linadondosha wino kwenye meza ya serikali. Uso wake ulichanua. Katika miaka ishirini na mitano hakuwahi kumwona Telesphor akisalimu amri, na sasa alikuwa amesalimu, mbele ya mashahidi. Akanigeukia mimi, nadhani ili nimwambie afanye nini. Nami ningesema neno moja tu, nendeni, na yote yangeishia pale, na Marsela angepata mlango wake jioni ile. Badala yake nikasema kwamba mtu asiyekuwepo hawezi kupatana na mdai, na kwamba ada ikishalipwa hairudi.

"Acha kidogo ateseke," Melkior alimwambia Makarius, akicheka. Akabonyeza.

Nikapiga muhuri. Naona aibu mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyoupiga kwa nguvu.

Ilibaki samansi. Niliiandika nakala mbili, na Telesphor akanyoosha mkono dirishani aipokee. Nikakataa. Samansi hupelekwa na tarishi makazini kwa mdaiwa, na makazi yake yalikuwa Kakese, si chini ya dirisha langu. Tarishi wetu Ambrosi alikuwa na baiskeli isiyo na tairi la mbele. Kwa hiyo Telesphor akampakia kwenye keria, pale alipokuwa amekaa mdai, na mdai akarudi kwa miguu. Walipofika Kakese, Ambrosi aliniambia baadaye, Telesphor aliingia ndani akafunga mlango, mlango wenyewe ule, aliokuwa ameusimamisha kwa muda kwa ajili ya mgeni. Ambrosi akapiga hodi. Telesphor akauliza ni nani. Ambrosi akasema mahakama. Mlango ukafunguliwa, mdaiwa akapokea samansi, akatia sahihi nakala ya kurudi, akampa tarishi samaki na ugali. Lakini hakutania hata mara moja, Ambrosi alisema, na kwa Telesphor hiyo ilikuwa kama kuugua.

Siku ya shauri baraza lilijaa. Watu wa Kakese walikuja na mikeka na viazi vya kuchemsha, wakitegemea kicheko cha mwaka. Nikaita shauri kwa namba. Melkior akaweka mkono juu ya Biblia akaapa. Nilimwona akimtazama Telesphor kwa pembe ya jicho, akingoja tusi. Telesphor naye akaapa, akavua kofia, na tangu hapo hakuivaa tena.

Hakimu akamwuliza kama alichukua mlango. Akasema aliuchukua. Akaulizwa kwa nini hakuurudisha. Akaeleza habari ya majogoo watatu, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Watu walicheka mpaka hakimu akagonga meza, na mwisho hakimu mwenyewe akajificha nyuma ya leso. Walicheka wote, isipokuwa watatu. Makarius alitazama sakafu. Telesphor alitazama mbele. Na Melkior alikuwa ameanza kucheka na wengine, akaacha katikati.

Hukumu ilikuwa fupi. Mlango urudishwe ndani ya siku saba, kila mtu abebe gharama zake. Walipotoka nje, Melkior alimfuata Telesphor kwenye baiskeli akamsukuma bega, kama walivyozoea.

"Umeshindwa, we mti wa uzio," alimwambia. "Sema kitu."

Telesphor aliinamisha kichwa. "Nashukuru, mzee Melkior," alisema. "Msalimie mama Marsela nyumbani."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari langu. Nimewaona watu wakipoteza mashamba na watoto katika baraza lile. Sijamwona mtu mwingine akiwa na uso kama ule, na huyu alikuwa ameshinda.

Mlango ulirudi siku ya tatu. Telesphor alikuwa ameupaka mafuta, bawaba amezisugua. Alisimama uani akapiga hodi. Alipokaribishwa uji alisema ametoka kunywa, asante. Akaupachika mlango, akaujaribu mara mbili, akaaga. Marsela akapata mlango wake, na mwezi haukupita akaanza kusema kwamba nyumba imepoa, kwamba sasa hata kuku hawaji.

Melkior hakuyaamini mambo ya kiapo. Telesphor aliyaamini kwa niaba yao wote wawili. Melkior akajaribu kumchokoza. Alikwenda kwa Telesphor mchana kweupe akamwibia jembe. Telesphor akamkimbilia njiani, akampa na la pili, akisema hilo moja limechakaa. Akasimama nje ya kanisa baada ya Misa, mbele ya watu, akamtukana Telesphor, babu yake na kofia yake. Telesphor akasema asante, mzee. Melkior akamwachia mbuzi aingie kwenye mpunga wake, na Telesphor akamrudisha mbuzi ameshiba, na kamba mpya shingoni. Kijiji kilianza kumsifu Telesphor kwa ustaarabu. Melkior akakonda. Nguo zikamning'inia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake shingo ikaonekana.

Akarudi ofisini kwangu mwezi wa tisa, amekuja kwa miguu.

"Nataka kufungua kesi," alisema.

"Dhidi ya nani, mzee?"

"Telesphor."

"Unamdai nini?"

"Amekataa kunitukana."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilivuta karatasi kwa mazoea tu. "Unaomba mahakama iamuru nini?"

"Anitukane. Kama zamani. Sisemi kila siku, najua ana kazi. Hata mara moja kwa wiki."

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza kwamba dai lazima liwe jambo ambalo sheria inalitambua, kama mali, mpaka, mahari, madhara. Kwamba hakuna hakimu anayeweza kuandika amri ya namna hiyo. Kwamba nikilipeleka daftarini nitaitwa mwendawazimu na kuachishwa kazi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Siku ile uliniambia kabla ya karatasi yako ni kelele tu," alisema. "Mimi nilikuwa na kelele zangu, bwana karani. Wewe ndiye uliyezifunga. Nakuuliza wewe, zinafunguliwaje?"

Nilichukua karatasi ya foliskapu, si fomu, nikaandika alivyosema. Jina la mdai, jina la mdaiwa, na jina la baba yake mdaiwa, ambalo sasa nililijua. Dai: kutukanwa. Nikamsomea, akaweka dole. Muhuri sikupiga. Na Jumapili iliyofuata, kwa kuwa tarishi sikuweza kumtuma kwenye upuuzi wangu, niliazima baiskeli nikaipeleka mwenyewe Kakese.

Telesphor alinipa kiti akabaki amesimama. Nilimsomea. Aliniomba nisome tena, akaichukua karatasi akaigeuza upande wa nyuma, kama kuna kitu zaidi.

"Nimeapa," alisema. "Mdomo huu umefungwa juu yake. Si kwamba sitaki. Kila asubuhi naamka na maneno, nayameza na uji wangu mwenyewe. Uji wa kwangu mbaya, unajua?"

"Najua kidogo," nilisema.

Akazunguka uani, mikono nyuma. Halafu akasimama.

"Mdaiwa si ana haki ya kujibu?"

"Anayo."

"Kwa mdomo tu?"

"Au kwa maandishi."

"Maandishi yana mdomo?"

Nilitafuta katika wiki sita zote za Tabora. "Hayana," nilisema.

"Na hiyo kalamu ni ya nani?"

"Ya serikali."

"Basi kaa vizuri uandike," Telesphor alisema. "Atakuwa ametukanwa na serikali."

Nikaandika karibu saa nzima. Alikuwa na akiba ya miezi mitano. Alinisahihisha pale nilipolainisha neno, na mara mbili alinikataza kucheka kwa sababu herufi zinapinda. Jioni nilikwenda nayo moja kwa moja kwa Melkior. Alikuwa nje na Marsela, wakipura kunde. Nilisimama mbele yao kama ninavyosimama barazani, nikasoma majibu ya mdaiwa kwa sauti ya kiofisi, kwa kuwa sikujua nyingine.

"Kwanza, mdaiwa anasema shingo ya mdai imeonekana, na kwamba ilikuwa afadhali ilipokuwa imefichwa. Pili, mdaiwa ameuona mpunga wa mdai, akadhani mdai analima ndevu za mvulana. Tatu, jembe alilomwibia mdaiwa ni la mkono wa kushoto, na mdai amelima nalo msimu mzima bila kujua."

Marsela alikuwa wa kwanza. Aliangusha ungo, akashika ubavu. Melkior alicheka bila sauti, mabega yakimtetemeka, akinipungia mkono niendelee. Niliendelea mpaka la kumi na nne. La mwisho nilikuwa nimeliandika bila Telesphor kunisahihisha, kwa sababu alilisema akiwa amenipa mgongo.

"Kumi na tano. Mdaiwa anamwonya mdai asithubutu kufa mapema. Kwa hali hii tuliyonayo, mdaiwa atalazimika kukaa kwenye kilio chake pamoja na wageni, aseme kwamba alikuwa mtu mwema. Mdaiwa hataweza."

Kicheko kiliisha. Marsela aliinama akaanza kuokota kunde.

"Amesema hataweza?" Melkior akauliza.

"Amesema."

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, upande mmoja, halafu mwingine, akatazama njia iendayo kwa Telesphor.

"Una karatasi nyingine?" aliniuliza.

"Ninayo."

"Andika. Basi afe yeye kwanza."

Nikaandika, nikamsomea, akaweka dole.